Elfu Mbili ya Wiki ya Tisa

Darasa letu lilikuwa na watu ishirini na nane. Idadi hiyo siisahau kwa sababu mwalimu wa historia ya ushirika aliigeuza utani wa mwaka mzima. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale huko Uingereza, watu ishirini na nane, baadhi yao wafumaji wa nguo, walichanga pauni moja moja na kufungua kiduka cha siagi, sukari na unga. Sehemu kubwa ya tunayoyaita leo kanuni za ushirika ilitoka kwenye kiduka kile. "Na nyinyi mpo ishirini na nane," mwalimu alikuwa akisema huku akifuta ubao. "Mnafungua duka lini?"

Chuo ni kile cha Ushirika, Moshi. Kilianza 1963 kama chuo cha kufundisha watendaji wa vyama, mwaka 2004 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Sokoine, na 2014 kikawa chuo kikuu kamili. Sisi tuliingia 2009 na kutoka 2012, enzi zile za jina refu la MUCCoBS. Wenzetu wa kozi za uhasibu walikuwa wengi, wakiingia ukumbini unasikia viti vinalia. Sisi tuliingia kimya kimya, tukajaza mistari mitatu ya mbele, basi, darasa limetimia.

Udogo huo una mambo yake. Kwenye darasa la watu mia tatu unaweza kumsainia mwenzako mahudhurio na maisha yakaendelea. Kwetu mwalimu aliinua macho mara moja tu akajua nani hayupo, na mara nyingi alijua na sababu. Desa moja lilitolewa kopi moja, likazunguka kwa watu wote, likarudi na alama za vikombe vya chai na maoni ya kila mtu pembeni. Mtu akipata sapu, wawili watatu walibaki Moshi kumsomesha. Dada mmoja wa Singida alipolazwa kwa malaria tulipangiana zamu ya kupeleka uji, mpaka nesi akatuuliza sisi ni ukoo gani usiofanana sura. Tukamjibu kwa pamoja kwamba ni ndugu. Na kiukweli neno hilo ndilo tuliloitana, wavulana kwa wasichana: "ndugu." Tulianza kwa utani wa kisiasa, tukaishia kuliamini.

Mfuko ulianza muhula wa kwanza wa mwaka wa pili. Kila mtu elfu mbili kwa wiki, kila Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho. Ishirini na nane mara elfu mbili ni 56,000, na kwa wanafunzi tuliokuwa tukila wali maharage siku sita na wali nyama siku moja, hiyo ilikuwa hela. Lengo lilikuwa kukopeshana bumu likichelewa, bila riba, unarudisha likitoka. Tulichagua mwenyekiti, mweka hazina na katibu. Katibu nilikuwa mimi, kwa sababu ya mwandiko. Mweka hazina alikuwa mwenzangu niliyekaa naye chumba kimoja Kiboriloni. Hakuna aliyeona tatizo kwamba daftari na pesa vinalala chini ya dari moja. Nadhani hata sisi wenyewe hatukuliona.

Kiboriloni, kwa asiyepajua, ni mashariki ya mji wa Moshi, kwenye barabara inayokwenda Himo. Ndipo unapokata kupanda Old Moshi. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya soko, na siku ya gulio hukuhitaji saa ya kukuamsha. Kina mama wanashuka kutoka Kidia na vijiji vya juu na mikungu ya ndizi, mishare ya mtori na ndizi za kuchoma, vijana wanakata kamba za marobota ya mitumba na kuyamwaga juu ya maturubai, na kabla jua halijapanda mtu keshaanza kuimba, "Mia tano mia tano, chagua dada, chagua!" Mlima unaonekana asubuhi ile mapema, mweupe kichwani, halafu ikifika kama saa nne unajifunika wingu na kuwaachia watu biashara zao. Tulipapenda kwa sababu kodi ilikuwa nafuu na kwa sababu ya nguo. Hakuna wasichana waliovaa vizuri darasani kutuzidi sisi wawili, na gharama yake naijua.

Mama mwenye nyumba alikuwa muuza mitumba, na alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa. Siku moja akanigongea. "Mwanangu, wewe si ndiyo unasomea haya mambo? Katibu wetu macho yamemsumbua. Njoo utuandikie Jumapili mbili tatu." Nikaenda. Jumapili mbili tatu zikawa karibu mwaka.

Kama hujawahi kukaa kwenye kikao cha namna ile, hivi ndivyo kinavyokwenda. Katikati kuna kasha la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu zinakaa kwa watu watatu, na kasha linakaa kwa mtu wa nne ambaye hana ufunguo wowote. Halifunguliwi mpaka wote wanne wawepo, na halifunguliwi chumbani, ni pale pale mbele ya wanachama wote. Kila mwanachama ana namba. "Namba saba!" Namba saba anainuka, anataja hisa anazonunua, anaweka pesa mezani, wahesabuji wawili wanahesabu kwa sauti, kila mmoja kwa zamu yake, ndipo katibu anaandika. Kabla ya kufunga, kiasi kilichomo kasheni kinatangazwa, na kikao kijacho kabla ya jambo lolote wanachama wanaulizwa, tulifunga na shilingi ngapi? Wanajibu wote, kwa kichwa. Mfumo wenyewe hawakuubuni wao. Shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991 na wanawake wa vijijini, ukasambaa Afrika nzima ukibadilishwa majina. Ila wale wa Kiboriloni walikuwa wameushika kama wameuzaa.

Mara ya kwanza niliwaona wakali mno. Mwenyekiti mwenyewe, mama mwenye nyumba wetu, alitozwa faini ya kuchelewa dakika tano na mkwe wake, na akalipa bila kukunja uso. Jumapili nyingine pesa ilipungua elfu kumi. Aliyekuwa amezishika ni wifi yake, binti mdogo aliyeolewa mwaka ule. Hakuna aliyetoka. Walihesabu upya mara tatu, binti akaanza kulia, wakaendelea kuhesabu huku analia. Noti ilikutwa imegandana na nyingine, mpya zile, ndani ya burungutu la elfu kumi kumi. Nikadhani sasa watamwomba radhi. Hata! Waliendelea na namba iliyofuata.

Tukiwa tunarudi nyumbani nikamuuliza, mama, hamkuona vibaya, wifi yako mwenyewe?

"Wifi yangu ndiyo," akasema. "Nikimwacha asihesabiwe kwa sababu ni wifi yangu, Jumapili ijayo wote watakuwa wifi zangu."

Nilicheka. Jioni ile nilimsimulia mwenzangu, naye akacheka, halafu akanyamaza kidogo kuliko kawaida yake.

Aliniambia baada ya siku nne, taa imezimwa, kila mtu kitandani kwake. Mama yake alikuwa amefanyiwa upasuaji wa haraka mkoani kwao. Hela ilihitajika siku ileile. Alichukua 350,000 kutoka kwenye mfuko. Alikuwa na uhakika bumu lingetoka wiki ile; halikutoka, na wiki iliyofuata halikutoka. Mama alipona, hilo lilikuwa la kwanza kulisema. La pili alisema, "Dada, naomba unisitiri."

Nikamsitiri. Niliwasha tochi ya simu, nikafungua daftari, kaunta buku lenye jalada jeusi, na 350,000 nikaigawanya kwenye safu ya mikopo: fulani 50,000, fulani 40,000, mwanachama fulani 60,000. Nilichagua wale wasiopenda kuuliza. Halikuwa jambo gumu hata kidogo. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri na tarehe zilikaa sawa, na hakuna ndugu yetu hata mmoja aliyekuwa ameomba kuliona lile daftari tangu tuanze. Ijumaa nilisimama mbele nikasoma jumla, watu wakapiga makofi. Ilikuwa wiki ya kumi na moja. Jumla ya michango, 616,000. Mikopo ya kweli, 230,000. Ilitakiwa pesa taslimu iwe 386,000. Usiku ule tulipozimwaga kitandani kuhesabu kilichobaki baada ya 350,000, zilipaswa kuwa 36,000. Zilikuwa 34,000.

Elfu mbili haikuonekana. Tulitikisa boksi, tukapekua mashuka. Sikusema kitu, lakini nilimtazama mwenzangu, na yeye aliona nilivyomtazama.

Nataka nieleze na hili, maana bila hilo habari haijakamilika. Muhula ule ule tulikuwa tukisoma jinsi vyama vya ushirika vya nchi hii vilivyoanguka. Tukikatiza mjini kwenda chuoni tulilipita jengo la KNCU, na darasani tulisoma habari zake: wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walioanza na chama chao mwaka 1925, chama kikuu kikazaliwa 1933, serikali ikavifuta vyama vikuu vyote 1976, kikarudi 1984. Tulisoma pia kamati ya Rais ya mwaka 1966 iliyochunguza ushirika. Moja ya kasoro ilizoziona ni wanachama wasiokielewa chama chao, ambao kwa hiyo hawakuwa na namna ya kuwadhibiti waliowachagua. Tulilijadili hili kwa hasira. Inakuwaje mkulima apeleke kahawa yake miaka na miaka asiulize mahesabu? Mwenyekiti wetu wa mfuko aligonga meza. Mimi nililiandikia kurasa nne kwenye mtihani. Nilipata A.

Wiki ya kumi na mbili, Jumatano, kijana wetu wa Rombo alikuja Kiboriloni kwa miguu. Alikuwa mpole, wa mstari wa tatu, hodari wa hesabu kuliko sisi wote, na aliongea pale tu alipoulizwa. Alibakiwa na ada ya 180,000, na asiyemaliza ada asingesajiliwa mtihani. Baba yake alikuwa ametafuta mteja wa ng'ombe, mteja akakimbia. Alikuja kukopa kwenye mfuko. Ndio maana tuliuanzisha, hata hakuhitaji kueleza.

Mwenzangu alikuwa amekaa kitandani, ameinamia vidole vyake. Mimi ndiye niliyejibu. Nilisema, "Ndugu yangu, zote zimekopeshwa."

Akasema sawa. Akauliza kama tuna maji ya kunywa, akanywa, akashukuru, akaondoka. Nje gulio lilikuwa linafungwa, vijana wanakunja maturubai. Nilimwona akivuka barabara bila kupanda haisi.

Hakumwambia mtu mwingine. Jumatatu ya mitihani kiti chake kilikuwa wazi, na katika darasa kama letu kiti kimoja kikiwa wazi ni kama jino limeng'oka. Ilisemekana ameahirisha mwaka. Wote walisikitika, kweli kabisa, na wote walisema sentensi moja: angesema tungechanga. Ilikuwa kweli. Ishirini na saba kwa 180,000 haifiki hata elfu saba kila mtu, na wapo ambao wangeuza simu. Ila ili wachange ingebidi mtu aeleze kwa nini mfuko hauna kitu, na mtu huyo alikuwa mimi.

Mwenzangu alilipa yote. Mwaka wa tatu alijiunga na mama mwenye nyumba, akawa anachagua blauzi na magauni robota likifunguliwa, anafua, anapiga pasi, anauza hosteli kwa wasichana wa mwaka wa kwanza. Wiki moja elfu kumi na tano, nyingine elfu nane. Kila alicholeta nilikiandika kama marejesho ya wale wanachama wa uongo. Ile elfu mbili niliitoa mfukoni mwangu. Mwezi wa sita 2012 tulivunja mfuko, kila mtu akapewa chake mpaka shilingi ya mwisho, yule wa Rombo akatumiwa kwa simu. Mwenyekiti alisema kwenye hotuba yake kwamba sisi ndio tumefanya kile ambacho vyama vikubwa vimeshindwa. Kuna picha ya siku ile. Wote tunacheka.

Kijana wa Rombo alirudi, akasoma na darasa lililotufuata, akamaliza mwaka mmoja baada yetu. Nimesikia lile darasa lilikuwa kubwa.

Kwa nini nayaandika sasa? Kwa sababu kazi yangu imekuwa kuuliza watu wengine maswali ya fedha. Mwaka jana nilitumwa kuandika habari ya chama kimoja cha msingi, wanachama wanalalamika hesabu hazisomwi. Nilimbana karani vizuri sana. Mzee mmoja mkulima, alipoona karani anatokwa jasho, akanivuta pembeni. "Mwanangu, mwache. Huyu ni kijana wetu." Nilitaka kumjibu mzee kitu cha kitaalamu. Nikakuta sina. Nilirudi hotelini nikakaa na simu mkononi.

Kwanza nilimpigia mwenzangu. Ana watoto wawili sasa na duka lake mwenyewe la nguo. Nilimwambia nataka kusema. Alinyamaza, halafu akasema, "Sema. Hata mimi nimechoka. Jina langu tu usiliweke." Akaongeza, kana kwamba tulikuwa tunaongelea jana: "Na ile elfu mbili sikuichukua mimi."

Kisha nikamwandikia yule wa Rombo. Ni afisa ushirika katika halmashauri moja, kazi yake ni kupita kwenye vyama akikagua vitabu. Nilimwandikia kila kitu, ujumbe mrefu usio na aya, usiku. Asubuhi alipiga. Sauti yake ni ile ile ya chini.

"Nilijua kuna kitu," alisema. "Natembea kurudi chuoni nikawa napiga hesabu kichwani. Wiki kumi na moja, mikopo nilikuwa nawajua waliokopa. Haikuja."

"Sasa kwa nini hukuuliza?"

"Ningewauliza vipi? Mlikuwa mnalia na mimi baba akiumwa. Ningeonekana nawaita wezi." Akakohoa. "Nilisema labda nimekosea kujumlisha. Mimi! Hebu fikiria."

Hakusema kwamba amenisamehe na sikumuuliza. Alieleza kidogo ule mwaka wa nyumbani, jinsi alivyokuwa akibeba ndizi za watu mpaka Tarakea, jinsi mdogo wake wa kike alivyomtangulia kumaliza chuo na baba akawa anatania mbele ya wageni. Nilisikiliza. Baadaye akauliza kama daftari bado ninalo. Ninalo, limehama nami nyumba sita. Akaniomba nimpigie picha kurasa zote, na nikafanya hivyo, zile za kweli na zile za uongo, picha kumi na tisa.

Siku mbili kimya. Nilijua nini kinaendelea, maana nilimfahamu: anazipitia mstari kwa mstari.

Siku ya tatu, mchana, ujumbe ukaingia. "Wiki ya tisa umejumlisha 56,000. Ni 54,000. Wiki ile nilikuwa Rombo kwa baba, sikutoa. Umenipigia tiki."

Nikafungua daftari. Ijumaa ile tiki zote ishirini na nane nilizichora kwa mkupuo mmoja kutoka juu hadi chini, unaona kabisa kalamu haikunyanyuka. Kumbe elfu mbili haikuwahi kuwepo. Nikampigia mwenzangu, akasikiliza mpaka mwisho. "Miaka kumi na minne unaniangalia hivyo," akasema, na sikuweza kujua kama anacheka.

Nikiwa bado naongea naye simu ikalia. M-Pesa, shilingi 2,000, kutoka kwa kijana wa Rombo. Baada ya dakika kumi akaandika neno moja.

"Risiti?"